Mhanga Anapimwaje? Umri, Ndoa na Sifa za Marehemu Mbele ya Mahakama za Babati

Msichana mmoja ana miaka 9 na miezi 11. Mwenzake ametimiza miaka 10 wiki iliyopita. Tuseme wote wawili wamebakwa katika vitongoji vya kando ya Ziwa Babati, na upande wa mashtaka umethibitisha kesi zote mbili pasipo kuacha shaka. Aliyembaka wa kwanza atafungwa maisha, kwa kuwa kifungu cha 131 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hakimpi hakimu njia nyingine pale mhanga anapokuwa chini ya miaka 10. Aliyembaka wa pili anaweza kufungwa miaka 30. Ukatili ni uleule, maumivu ni yaleyale, na huenda washtakiwa wote wawili ni wakosaji wa mara ya kwanza. Kinachowatenganisha ni tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki ya mtoto.

Nani aliyeumizwa, na hilo lina uzito gani katika adhabu ya aliyeumiza? Swali hili linasumbua mahakama duniani kote, ila kwa watu wa Manyara limesogea karibu zaidi na nyumbani. Mkoa ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, majalada ya mauaji ya Hanang, Mbulu, Kiteto, Simanjiro na Babati yenyewe yaliendelea kwa miaka mingi kuwa chini ya masjala ya Mahakama Kuu ya Arusha, takribani kilomita 170 kwa barabara. Siku hizi Mahakama Kuu ina Masjala Ndogo ya Manyara hapahapa Babati, na hukumu zake huwekwa mtandaoni kupitia TanzLII, ambako mwalimu wa Galapo au mfanyabiashara wa Magugu anaweza kuzisoma kwa simu yake. Anayezisoma kwa mfululizo hupata picha moja inayojirudia: mhanga amejaa katika kurasa za ushahidi, lakini hukumu ikishafika kwenye adhabu, hutoweka. Anayezungumziwa hapo ni mshtakiwa, yaani umri wake, familia yake, muda aliokaa mahabusu na majuto yake.

Sheria, hata hivyo, haikumsahau mhanga kabisa. Imemkumbuka kwa namna yake, na namna hiyo ndiyo inayohitaji kuchunguzwa.

Imemkumbuka kwanza kwa umri. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya mwaka 1998 ndiyo iliyoingiza katika Kanuni ya Adhabu hesabu kali ya miaka ya mhanga. Kubaka ni kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 30, na kumbaka msichana wa chini ya miaka 10 ni maisha. Kuzini na maharimu ni kifungo kisichopungua miaka 30 kama mwanamke hajafika miaka 18, na kisichopungua 20 kama amefika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikapandisha ukali upande wa kulawiti: anayemlawiti mtoto yeyote wa chini ya miaka 18 hufungwa maisha. Kwa hiyo mvulana wa miaka 12 aliyelawitiwa huko Bashnet amewekewa na sheria ulinzi wa kifungo cha maisha, ilhali dada yake wa umri huohuo aliyebakwa amewekewa ulinzi wa miaka 30. Ni vigumu kuamini kwamba Bunge lilikaa likaamua kuwa mwili wa mmoja una thamani kuliko wa mwingine. Tofauti hiyo imezaliwa na marekebisho yaliyofika kifungu kimoja yakaacha kingine, na imebaki kwenye vitabu.

Halafu sheria imemkumbuka mhanga kwa sare ya shule. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, na kwa anayemuoa. Nia ilikuwa njema, na kwa mkoa wenye mabinti wengi wanaotembea umbali mrefu kwenda shule ilikuwa ya lazima. Hata hivyo, binti aliyeishia darasa la saba akaletwa mjini kufanya kazi za ndani hana sare, na kifungu hicho hakimhusu. Anayebaki kumlinda ni umri wake tu, chini ya kosa la kubaka.

Kenya walichagua ngazi yenye vidato zaidi. Sheria yao ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inatoa kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, kisichopungua miaka 20 kama mtoto ana miaka 12 hadi 15, na kisichopungua 15 kama ana 16 hadi 18. Majaji kadhaa walianza kushuka chini ya viwango hivyo wakitaka kupima kila kesi kivyake, hadi Julai 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoamua kwamba viwango vya chini vimewekwa na Bunge na vinabaki. Tanzania, kwa upande wake, ina kidato kimoja kikubwa kwenye miaka 10, na juu ya hapo ni uwanda. Mtoto wa miaka 11, binti wa miaka 17 aliyekuwa na uhusiano na kijana wa miaka 20, na bibi wa miaka 80 anayeishi peke yake kwenye nyumba ya tembe, wote wanaanzia kwenye miaka 30 ileile. Uzee, ambao katika jamii za huku ndio wenye heshima kubwa kuliko hali yoyote ya binadamu, haumo katika ngazi hiyo. Hakimu anaweza kwenda juu ya 30 kwa ajili ya yule bibi, lakini hakuna kinachomlazimisha.

Kilicho kibaya zaidi kimo katika kifungu cha 137. Kanuni ya Adhabu ni sheria iliyoanza kutumika mwaka 1945, na lugha ya kifungu hicho ni ya enzi hizo. Kinamhusu mwanamke mwenye ulemavu wa akili, kikimwita kwa majina ambayo leo ni matusi, pale mwanamume anapoingiliana naye akijua hali yake, katika mazingira yasiyohesabiwa kuwa ni ubakaji. Adhabu ni miaka 14. Hicho ni kikomo cha juu kabisa, wakati kwa mwanamke mwingine yeyote aliyebakwa sakafu ni 30. Mtu ambaye hawezi kukataa kwa sababu hajui anachofanyiwa amewekwa chini ya yule anayeweza kupiga kelele. Mwendesha mashtaka makini ataandaa shtaka la kubaka na kukikwepa kifungu hiki. Lakini haki ya binti wa aina hiyo haipaswi kutegemea umakini wa mtu mmoja ofisini.

Udhaifu wa mhanga unaleta tatizo jingine, na hili linatembea katika kesi karibu zote za ukatili dhidi ya watoto. Jambo lilelile linalopandisha adhabu ndilo linalofanya kesi iwe ngumu kuthibitisha. Umri wenyewe ni lazima uthibitishwe, kwa cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, ushahidi wa mzazi au wa daktari. Kifungo cha maisha kilichotolewa kwa kuamini mtoto ana miaka 9 hakiwezi kusimama kwenye rufaa ikidhihirika kwamba alikuwa ametimiza 10. Kisha mtoto mwenyewe ni lazima azungumze. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 2006 katika shauri la Selemani Makumba, kanuni ni kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mhanga. Marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016 yakaongeza kwamba mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila aahidi kwanza kusema ukweli na kutosema uongo. Hakimu asipoiandika ahadi hiyo kwenye mwenendo wa kesi, mlango wa rufaa unafunguka. Wapo wafungwa wa miaka 30 na wa maisha waliotoka kwa kukosekana kwa sentensi hiyo moja. Baadaye Mahakama ya Rufani ililegeza, ikakubali kuutazama ushahidi wa mtoto hata pale utaratibu ulipoteleza, lakini kwa familia ambazo kesi zao zilikuwa zimeshavunjika, ulegezaji huo ulichelewa.

Hakuna mahali ambapo mkanganyiko huu unaonekana wazi kama katika ukeketaji, na hapo Manyara haiwezi kukaa kimya. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wa mkoa huu wamekeketwa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 10. Utafiti wa 2022 ulikuta kiwango cha Manyara kimeshuka hadi asilimia 43, na cha taifa hadi 8. Kushuka huko ni kazi ya watu wengi: walimu, viongozi wa dini, mangariba walioweka visu chini, mabinti waliokimbia nyumbani. Sheria nayo ina sehemu yake, lakini itazame. Kifungu cha 169A kinaweka ukeketaji ndani ya kosa la kumfanyia mtoto ukatili. Adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, pamoja na fidia. Katika nyumba za wafugaji, shilingi 300,000 ni pesa inayoweza kupatikana kwa kuuza mbuzi wachache mnadani.

Na kifungu hicho kinamtambua mhanga wa chini ya miaka 18 peke yake. Mwanamke aliyekeketwa akiwa na miaka 19, labda usiku wa kuamkia ndoa yake, au akiwa katika uchungu wa kujifungua mikononi mwa mkunga wa jadi, hayumo. Kwake lazima mwendesha mashtaka arudi kwenye makosa ya kawaida ya kujeruhi na kushambulia, ambako atakutana na swali la kama aliridhia. Kenya walilitazama jambo hilo mwaka 2011, wakatunga sheria inayomlinda mwanamke wa umri wowote. Ilipopingwa mahakamani kwa hoja kwamba mtu mzima ana haki ya kuchagua, Mahakama Kuu ya Nairobi iliikataa hoja hiyo Machi 2021.

Jamii nazo zimesoma sheria kwa njia yake. Sheria ilipoanza kuwauliza mabinti wa miaka 12 na 14 waliojua majina ya mangariba wao, kisu kilihamia kwa watoto wachanga. Utafiti wa 2015-16 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya waliokeketwa nchini walifanyiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Katika Manyara, Singida na Dodoma kisingizio kinachosikika ni lawalawa, jina la maradhi ya njia ya mkojo ambayo eti hutibiwa kwa kumkata mtoto wa kike. Mtoto wa miezi miwili ndiye mhanga anayestahili ulinzi mkali kuliko wote. Ndiye pia asiyeweza kwenda Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, asiyeweza kumtambua aliyemkata, na ambaye wanaojua siri yake ni walewale wanaopaswa kushtakiwa. Hapo ongezeko la adhabu kwenye karatasi halimsaidii. Kinachoweza kumsaidia ni muuguzi wa kliniki ya watoto anayekagua, anayejua pa kupeleka taarifa, na anayelindwa akishaipeleka.

Ndoa ni sifa nyingine ya mhanga inayogeuza hesabu. Kifungu cha 130 kinasema msichana wa chini ya miaka 18 hawezi kuridhia, kisha papo hapo kinaweka mlango: isipokuwa awe mke wa mwanamume huyo, awe na miaka 15 au zaidi, na wasiwe wametengana. Mlango huo umeegemea Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani na kushinda mwaka 2016, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye kwamba kuweka umri wa binti chini ya ule wa mvulana ni ubaguzi. Kwa binti wa miaka 15 anayetolewa kwa ng'ombe, maana ya kifungu cha 130 ni kwamba kitendo ambacho Jumatatu kingemfunga mtu miaka 30, Jumamosi baada ya sherehe si kosa tena.

Katika mauaji mambo yanageuka kabisa. Kwa kuua kwa kukusudia adhabu ni moja, kunyongwa hadi kufa, na mahakama haina cha kupima. Aliyemuua mtoto, aliyemuua askari, aliyemuua ombaomba na aliyemuua bilionea, wote wanasomewa sentensi ileile. Agosti 2013 mfanyabiashara wa tanzaniti wa Mirerani, Erasto Msuya, aliuawa kwa risasi wilayani Hai, na Julai 2018 Mahakama Kuu ikiwa Moshi iliwahukumu watu watano kunyongwa. Septemba 2009, wanaume watatu walihukumiwa kunyongwa mjini Kahama kwa kumuua mvulana mwenye ualbino kwa ajili ya viungo vyake. Ilikuwa hukumu ya kwanza nchini ya aina hiyo, baada ya mauaji mengi yasiyofika mwisho. Kijana maskini na tajiri wa madini walilipiwa kwa adhabu moja. Tofauti yao, kama ipo, ilikuwa kabla ya hapo, katika jinsi upelelezi ulivyofuatiliwa na magazeti yalivyoandika.

Usawa huu wa kikatili una historia, na sehemu ya historia hiyo iko milima ya karibu. Mwanaanthropolojia George Klima, aliyeishi na Wabarabaig wa Hanang katika miaka ya 1950, aliandika jinsi kijana wa zama hizo alivyoweza kupata sifa na zawadi za ng'ombe kwa kumuua adui, na kwamba miongoni mwa waliohesabiwa maadui walikuwamo watu wa makabila ya jirani. Kuua mtu wa ndani ilikuwa msiba unaodai fidia. Kuua mtu wa nje, ushujaa. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa adhabu za kijumla, ikitoza jamii nzima ng'ombe kwa kosa la kijana mmoja. Sheria iliyosema kwamba Mnyaturu, Mwiraki na Mbarabaig wana damu ya thamani moja ilikuwa hatua mbele, na ni haki kuikubali hivyo.

Klima aliandika pia jambo ambalo wanasheria hawalitaji mara nyingi. Wanawake wa Kibarabaig walikuwa na baraza lao. Mwanamume aliyemkosea mwanamke kwa makosa yaliyohesabiwa kuwa yanawagusa wanawake wote angeitwa na baraza hilo, akatozwa ng'ombe, na akikaidi akalaaniwa. Mhanga hapo hakuwa shahidi namba moja wa upande wa mtu mwingine. Yeye na wenzake ndio waliopanga adhabu. Mfumo huo hauwezi kurudishwa katika jamhuri yenye Katiba, na haufai kwa kesi za kuua au kubaka. Lakini unakanusha dhana kwamba kumsikiliza mhanga ni fasheni iliyoagizwa kutoka Ulaya.

Adhabu ya lazima ya kifo yenyewe imekuwa na wapinzani tangu mapema. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya, akiwa Dodoma katika shauri la Mbushuu, aliita adhabu ya kifo ya kikatili na yenye kudhalilisha. Mahakama ya Rufani ikaihalalisha tena mwaka 1995. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba ulazima wa adhabu hiyo unakiuka haki ya uhai. Uganda iliondoa ulazima huo kupitia kesi ya Susan Kigula mwaka 2009, na Kenya kupitia kesi ya Francis Muruatetu mwaka 2017. Mlango ulipofunguliwa, mhanga aliingia. Mwongozo wa Uganda wa mwaka 2013, ukieleza kesi chache zinazoweza kufikia adhabu ya kifo, unataja aliyemuua askari au mtumishi wa umma kazini, aliyemuua shahidi wa kesi, na aliyeua ili kuchukua viungo vya mwili. Tanzania ikifika huko, na inapaswa kufika, itabidi ijiulize mapema ni wahanga gani itawataja.

Kwa sasa, uwanja halisi wa majaji ni kuua bila kukusudia. Hapo adhabu inaanzia kuachiwa kwa masharti na kuishia kifungo cha maisha. Mwongozo wa adhabu wa Mahakama ya Tanzania umeugawa uwanja huo mafungu matatu: uzito wa juu miaka 10 hadi maisha, wa kati miaka 4 hadi 10, wa chini kutoka kuachiwa kwa masharti hadi miaka 4. Udhaifu wa mhanga ni kati ya mambo yanayoongeza uzito. Ila jambo la ajabu ni kwamba uchanga wa mhanga unaweza pia kupunguza. Mama aliyemuua mwanawe wa chini ya miezi 12 akiwa amevurugika akili kutokana na uzazi huadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Kifungu hicho kina huruma, na huruma hiyo ni sahihi.

Palipo na hatari ni kwenye kughadhabishwa. Kifungu cha 202 kinaeleza uchokozi unaoweza kushusha kosa kutoka mauaji hadi kuua bila kukusudia, na kinapima hasira ya mshtakiwa kwa kipimo cha mtu wa kawaida wa jamii anayotoka. Kwa hiyo mahakama inauliza marehemu alifanya nini, alitukana nini, alikuwa mtu wa namna gani. Marehemu hawezi kujibu. Mwaka 1941 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Fabiano Kinene kutoka Uganda, ilikubali kwamba watu waliomkuta mzee akitambaa uchi usiku kwenye boma lao, wakaamini ni mchawi na kumuua kinyama, walighadhabishwa. Wakahukumiwa kwa kuua bila kukusudia. Miaka 10 baadaye, katika shauri la Eria Galikuwa, mahakama hiyohiyo ilibana mlango: imani ya uchawi pekee haitoshi, lazima pawe na tendo la papo hapo. Mlango ulibanwa bila kufungwa. Kwa vikongwe wa Shinyanga, Mwanza na Geita waliokatwa mapanga kwa sababu macho yao yamewiva kwa moshi wa jikoni, hata ufa mdogo ni mwingi.

Katika Manyara sura ya kawaida ya jambo hili iko nyumbani. Mume amerudi kutoka kilabuni, kuna ugomvi, kuna fimbo au panga, asubuhi mke amekufa. Shtaka la mauaji linaweza kushuka kuwa kuua bila kukusudia, hasa tangu marekebisho ya mwaka 2019 yaliporuhusu majadiliano ya kukiri kosa. Sheria hiyo inamtaka mwendesha mashtaka afanye majadiliano kwa kushauriana na mhanga au mpelelezi, pale mazingira yanaporuhusu. Neno hilo dogo, "au", linatosha kuiacha familia ya marehemu nje ya mlango. Kisha huja maombi ya kupunguziwa adhabu: ni mkosaji wa mara ya kwanza, alikuwa amelewa, marehemu alimtukana, ana watoto wadogo wanaomtegemea. Watoto hao wanatajwa kama sababu ya kumhurumia baba, na ni yatima kwa mkono wa baba huyohuyo. Sheria ya Ndoa ilikataza mwenzi kumchapa mwenzake tangu mwaka 1971. Mke kumjibu mumewe ovyo hakupaswi kuwa hoja ya kupunguza hata mwezi mmoja, na kumuua mama mbele ya watoto wake kunapaswa kuhesabiwa dhidi ya aliyeua kila mara.

Je, dawa ni kumleta mhanga mahakamani azungumze kabla ya adhabu? Marekani inatoa onyo. Katika kesi ya McCleskey dhidi ya Kemp ya mwaka 1987, Mahakama ya Juu ya huko iliwekewa mezani utafiti wa David Baldus na wenzake uliochambua kesi zaidi ya 2,000 za mauaji katika jimbo la Georgia. Ulionyesha kwamba, baada ya kuzingatia mambo mengine mengi, mtu aliyemuua Mzungu alikuwa na uwezekano wa kuhukumiwa kifo mara 4.3 ya aliyemuua Mweusi. Majaji, kwa kura 5 dhidi ya 4, waliuacha mfumo uendelee. Mwaka 1987 huohuo mahakama hiyo ilikataza maelezo ya familia ya marehemu katika kesi za kifo, na mwaka 1991, katika kesi ya Payne dhidi ya Tennessee, ikayaruhusu. Wanaoyapinga wanasema familia yenye msomi anayejua kuzungumza itavuta adhabu ndefu, na marehemu asiye na mtu atapewa adhabu fupi.

Hofu hiyo ina msingi, na inajibika. Kenya, kwa Sheria ya Ulinzi wa Wahanga ya mwaka 2014, ilimpa mhanga nafasi ya kueleza madhara aliyoyapata, na maafisa wa urekebishaji huweza kuiandikia mahakama taarifa. Maelezo yakihusu madhara tu, yaani kidonda, hofu, gharama, watoto walioachwa, bila kupima kama marehemu alikuwa mtu mwema au mlevi, hatari ya kupendelea inapungua sana. Na kwa marehemu asiye na ndugu, afisa ustawi wa jamii anaweza kuandika.

Wala Tanzania haihitaji sheria mpya ili kuanza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai tayari inairuhusu mahakama kupokea ushahidi wowote inaouona unafaa kabla ya kutoa adhabu, na inaipa mamlaka ya kuamuru fidia. Ruhusa hiyo ya kupokea ushahidi hutumika zaidi kwa ajili ya mshtakiwa. Kifungu cha 137, faini ya ukeketaji, na ukimya wa sheria juu ya mwanamke aliyekeketwa akiwa na zaidi ya miaka 18, hayo ni ya Bunge, na wabunge wa Manyara ndio wenye sababu kubwa kuliko wote ya kuyapeleka Dodoma. Lakini kumwita mama wa mtoto aliyebakwa, au bibi anayelea yatima wa mwanawe aliyeuawa, asimame dakika 10 kabla hakimu hajaandika adhabu, hilo mawakili wa Serikali walioko Babati wanaweza kuliomba katika kikao kijacho cha mahakama. Waliombe.